Mataji Yahesabiwe Kuanzia Lini?

Katika jumba la makumbusho ya futiboli ya Kimarekani, mjini Canton, jimbo la Ohio, kuna tuzo iliyochongwa kwa makaa ya mawe. Haikutolewa na ligi yoyote. Waliichonga watu wa Pottsville, mji mdogo wa wachimba makaa huko Pennsylvania, kwa ajili ya timu yao wenyewe, Pottsville Maroons. Wao wanashikilia kwamba timu hiyo ilikuwa bingwa halali wa mwaka 1925, ikadhulumiwa.

Mambo yalikwenda hivi. Tarehe 6 Desemba 1925 Maroons walikwenda Chicago wakawachapa Cardinals 21 kwa 7, ugenini, kwenye theluji. Wakati ule hapakuwa na fainali. Bingwa alitokana na msimamo wa ligi, na msimamo wenyewe ulikuwa wa ovyo, kwa sababu kila timu ilijipangia mechi zake na hesabu ya mechi haikulingana. Kwa ushindi ule wengi waliona kazi imekwisha. Siku sita baadaye Maroons wakacheza mechi ya kirafiki Philadelphia dhidi ya nyota waliopitia chuo kikuu cha Notre Dame, wakashinda 9 kwa 7. Kosa likawa mahali mechi ilipochezewa. Philadelphia ilikuwa himaya ya timu nyingine ya ligi, Frankford Yellow Jackets, nao wakalalamika. Rais wa ligi, Joe Carr, alikuwa ameshawaonya Maroons wasicheze. Wao wakajitetea kwamba ofisi ya ligi ilikuwa imewaruhusu kwa simu. Carr hakusikiliza, akawafungia.

Cardinals nao hawakuwa wasafi. Baada ya kipigo kile walijitafutia haraka haraka mechi mbili za ziada dhidi ya timu dhaifu ili wapandishe wastani wao. Moja ya timu hizo, Milwaukee Badgers, iliingiza uwanjani vijana wanne wa sekondari, ikafungwa 59 kwa 0. Aibu ilikuwa kubwa hata mwenye Cardinals, Chris O'Brien, akaukataa ubingwa alipopewa. Ni baada ya timu kununuliwa na familia ya Bidwill, miaka ya 1930, ndipo ilipoanza kuudai ubingwa uleule ambao mwenyewe wa kwanza aliuonea haya. Mwaka 2003 wamiliki wa timu zote walipiga kura kuamua kama shauri lifunguliwe upya. Waliokataa walikuwa 30 na waliokubali 2, Steelers na Eagles, na zote mbili ni timu za Pennsylvania. Kwa hiyo hadi leo vitabu vya ligi vinawaandika Cardinals kuwa mabingwa wa 1925. Tangu hapo wametwaa taji moja tu, la mwaka 1947, na wako wanaosema hiyo ni laana ya Pottsville. Mimi siamini laana, ila nadhani Carr aliwaadhibu Maroons kwa kosa la mpaka na akawazawadia Cardinals kwa kosa la heshima.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ubishi wa mashabiki wa mchezo huu wa mpira wenye umbo la yai haujawahi kutoka pale ulipozaliwa. Swali la timu gani imefanikiwa kuliko zote hujibiwa kwa idadi, lakini idadi yenyewe inategemea nani anahesabu, anaanzia mwaka gani, na anakubali kuhesabu nini.

Anayeanzia mwanzo kabisa, yaani mwaka 1920 ligi ilipoundwa mjini humohumo Canton, atakuambia jibu ni Green Bay Packers, na hataki mjadala. Mataji 13. Hakuna mwingine aliyefika hapo. Watani wao wa jadi, Chicago Bears, wana 9. Tena Packers si timu ya tajiri wala ya jiji kubwa. Green Bay ni mji wa watu laki moja na ushee katika jimbo la Wisconsin, na timu yenyewe ilianzishwa mwaka 1919 kwa fedha za jezi zilizotolewa na kiwanda cha kusindika nyama. Tangu 1923 ni mali ya wanahisa. Leo wanahisa hao wamepita nusu milioni, hawapati gawio hata senti moja, na bado hisa zikitangazwa wanazigombea.

Asiyewapenda Packers huanza kuchambua hayo 13. Matatu ya kwanza, ya 1929, 1930 na 1931, yalipatikana bila fainali. Mwaka 1930 New York Giants walishinda mechi 13, Packers 10, lakini Packers ndio waliotwaa ubingwa kwa kuwa walipoteza 3 na Giants 4, na ligi iliangalia asilimia tu. Tofauti ilikuwa ndogo kiasi cha kuhitaji desimali tatu kuiona. Mwaka uliofuata Portsmouth Spartans, timu ya mji wa viwanda wa Ohio, walitaka wapewe mechi ya mwisho dhidi ya Packers ili wajaribu kuwafikia. Packers wakasema mechi hiyo haikuwa imethibitishwa kwenye ratiba, wakakaa nyumbani na taji lao. Portsmouth walibaki wakitoa povu.

Hata hivyo shabiki wa Green Bay ana jibu, na jibu lake ni zuri. Mwaka 1932 Packers walishinda mechi 10, wakapoteza 3, wakatoka sare 1. Bears na Spartans walikuwa na ushindi mchache sana, lakini sare zao zilikuwa tele, sita kwa Bears na nne kwa Spartans. Sheria ya wakati ule ilizitupa sare zote kana kwamba hazikuchezwa, hivyo wale wawili wakawa juu. Ligi ilikuja kubadili sheria hiyo mwaka 1972, sare ikawa nusu ya ushindi. Ukirudisha hesabu ya sasa kwenye msimu wa 1932, Packers wanaongoza, na wangekuwa mabingwa mara nne mfululizo. Kwa hiyo anayetaka kuwapokonya la 1930 kwa hesabu za leo, awape na la 1932.

Badala yake Bears na Spartans, waliokuwa wamelingana, walipangiwa mechi ya kuamua, tarehe 18 Desemba 1932. Chicago ilikuwa imegandishwa na baridi, ikabidi wacheze ndani ya ukumbi wa Chicago Stadium, ambako sarakasi ilikuwa imetangulia na kuacha udongo wake sakafuni. Uwanja ulikuwa na urefu wa yadi 80 badala ya 100. Nyota wa Spartans, Dutch Clark, hakuwepo kabisa: alikuwa na kibarua cha kufundisha mpira wa kikapu katika chuo kimoja cha Colorado, na chuo hakikumpa ruhusa. Bears walishinda 9 kwa 0, kwa bao ambalo Spartans walilipinga wakisema Bronko Nagurski alirusha mpira akiwa karibu mno na mstari. Watu walifurahia kioja kile, na viongozi wa ligi wakaona mbali. Msimu uliofuata ligi iligawanywa makundi mawili na fainali ya kila mwaka ikaanza. Bears waliifunga Giants 23 kwa 21. Spartans, kwa taarifa yako, walihamia Detroit wakawa Lions.

Kuna hoja nyingine dhidi ya mataji ya zamani, nayo ina uzito kuliko ya asilimia. Kuanzia 1934 hadi 1945 hakuna mchezaji mweusi hata mmoja aliyeingia uwanjani katika ligi hiyo. Haikuandikwa popote, lakini wamiliki wote waliifuata. Mataji matatu ya Packers, ya 1936, 1939 na 1944, yamo ndani ya miaka hiyo. Matatu ya Bears pia yamo, na mojawapo ni lile la 1940 walipoifunga Washington 73 kwa 0, matokeo ambayo hayajawahi kufikiwa katika fainali yoyote. Mwenye Washington, George Preston Marshall, ndiye aliyeshikilia ubaguzi huo kuliko wote. Timu yake haikuwa na mchezaji mweusi hadi 1962. Mashabiki wengi hulipita jambo hili haraka. Mtu anayesema "bingwa wa Marekani" kwa mwaka 1940 anamtaja bingwa wa sehemu ya wanamichezo wa Marekani.

Hapo ndipo Cleveland Browns wanapoingia, na mimi huwaonea huruma kwa jinsi wanavyosahauliwa. Mwaka 1946 ilianza kucheza ligi pinzani, iliyojiita All-America Football Conference. Kocha Paul Brown, ambaye timu ilipewa jina lake, aliwasajili Marion Motley na Bill Willis, wote weusi, wakati ligi kongwe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kulegeza kamba. Kwotabeki wake, yule anayerusha mpira na kuongoza mashambulizi, alikuwa Otto Graham. Browns walitwaa ubingwa wa ligi hiyo mara zote nne, na mwaka 1948 hawakupoteza hata mechi moja. Ligi hiyo ilipokufa, wakapokelewa katika ligi kongwe mwaka 1950. Wakubwa wakacheka, wakisema sasa watawaona wanaume. Mechi ya kwanza walipangiwa Philadelphia Eagles, mabingwa wa miaka miwili iliyotangulia, kwao Eagles. Browns walishinda 35 kwa 10. Mwisho wa msimu huohuo walichukua ubingwa kwa kuwafunga Rams 30 kwa 28. Kuanzia 1946 hadi 1955 Graham alicheza fainali kila mwaka, miaka kumi, akashinda saba. Kwa miongo mingi rekodi rasmi zilianzia 1950, kana kwamba mataji manne ya mwanzo yalikuwa bonanza la mtaani.

Kisha likashuka pazia linaloitwa Super Bowl.

Mwaka 1960 ligi nyingine ya upinzani ilianza kucheza, ya tajiri kijana wa Texas, Lamar Hunt, na hii haikufa. Ligi kongwe ikakubali kuungana nayo, makubaliano yakatangazwa 1966, na tarehe 15 Januari 1967 mabingwa wa pande mbili wakakutana Los Angeles katika Super Bowl ya kwanza. Packers waliifunga Kansas City Chiefs 35 kwa 10. Hakuna aliyejua kwamba mechi ile ingekuja kugawa historia. Viti vingi vya uwanja vilibaki vitupu. Vituo viwili vya televisheni, CBS na NBC, viliirusha, na hakuna hata kimoja kilichotunza mkanda mzima.

Aliyekuwa akiwanoa Packers alikuwa Vince Lombardi. Aliikuta timu mwaka 1959 ikiwa imetoka kushinda mechi moja tu msimu mzima, akaipa mataji matano ndani ya miaka saba. La mwisho liliipitisha kwenye mechi ya tarehe 31 Desemba 1967 dhidi ya Dallas Cowboys, katika baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri, ambayo iliamuliwa sekunde za mwisho, 21 kwa 17. Packers wakawa timu pekee ya ligi hiyo kutwaa ubingwa mara tatu mfululizo, na walikuwa wameshafanya hivyo mwaka 1931. Hadi leo wako peke yao. Chiefs walikaribia, lakini tarehe 9 Februari 2025 Eagles waliwazima 40 kwa 22. Lombardi alifariki mwaka 1970, na kombe la Super Bowl likapewa jina lake.

Lakini angalia kilichotokea. Kombe lina jina la kocha wa Green Bay, na kombe hilohilo ndilo linalotumika kuwanyima Packers ukubwa. Anayehesabu Super Bowl peke yake huwapa manne tu, nyuma ya Pittsburgh Steelers na New England Patriots wenye sita kila mmoja, Dallas Cowboys na San Francisco 49ers wenye matano. Ligi yenyewe ililea mazoea hayo kwa sababu za biashara. Super Bowl yenye namba za Kirumi inauzika. Fainali ya 1939 iliyopigwa bila televisheni haiuziki. Matokeo yake ni kwamba Lions, wenye mataji manne ya kati ya 1935 na 1957, wanatajwa kana kwamba hawajawahi kushinda chochote, kwa vile hawajafika Super Bowl.

Ndani ya ulimwengu huo wa Super Bowl, ubishi mtamu kuliko yote ni wa Steelers na Cowboys. Steelers walikaa miaka arobaini karibu bila kitu. Walianzishwa 1933, wakawa vichekesho, na kocha Chuck Noll alipofika mwaka 1969 alishinda mechi ya kwanza akapoteza 13 zilizofuata. Mmiliki Art Rooney hakumfukuza. Mwaka 1974, katika uteuzi wa wachezaji wapya kutoka vyuoni, Steelers walichukua vijana wanne ambao wote baadaye waliingia kwenye orodha ya magwiji kule Canton: Swann, Lambert, Stallworth na Webster. Kati ya msimu wa 1974 na 1979 walibeba makombe manne. Miaka hiyohiyo viwanda vya chuma vya Pittsburgh vilianza kufa, wafanyakazi wakatawanyika Marekani nzima kutafuta riziki na kuondoka na mapenzi yao. Ndiyo maana Steelers wakicheza ugenini hadi leo, jukwaa hujaa mashabiki wao wakipunga taulo za njano.

Cowboys waliingia nao fainali mara mbili katika muongo huo, na mara zote mbili walipoteza kwa pointi nne. Ile ya Januari 1979 ndiyo inayouma. Steelers wakiongoza 21 kwa 14, Jackie Smith wa Dallas alibaki peke yake kwenye eneo la kufungia, mpira ukamfikia, ukamtoka. Badala ya pointi saba Cowboys wakaambulia tatu. Mechi ikaisha 35 kwa 31. Toa tatu kwenye saba, utaona shabiki wa Dallas anachokiona kila usiku. Walilipa kisasi Januari 1996, 27 kwa 17, lakini tangu siku ile hawajarudi kwenye Super Bowl. Jina la "Timu ya Marekani", walilopachikwa na filamu ya msimu wa 1978, limebaki. Makombe mapya hayajaja.

Watu wa 49ers hoja yao ni nyingine: kwenda fainali mara tano na kushinda zote, bila doa hadi 2013. Na watu wa Miami hawahesabu makombe kabisa. Wao wana mwaka mmoja tu wa kukutambia, 1972, mechi 17 na ushindi 17, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya tangu Super Bowl ianze.

Patriots walikaribia, na hapo kuna kituko. Chini ya kocha Bill Belichick na kwotabeki Tom Brady, aliyechaguliwa wa 199 kati ya vijana wa mwaka 2000, walifika fainali ya tarehe 3 Februari 2008 wakiwa na ushindi 18 bila kipigo. Giants wakawafunga 17 kwa 14. Fulana za ubingwa zilikuwa zimeshachapwa, zimeandikwa 19 kwa 0. Kwa kuwa haziwezi kuuzwa Marekani, fulana za aliyeshindwa hupewa mashirika ya misaada na kupelekwa nchi za mbali. Hizo zilionekana Nicaragua. Steelers walipofungwa na Packers mwaka 2011, fulana zao za ushindi hewa zilipelekwa nchi kadhaa, Zambia ikiwemo. Kwa ushahidi wa mitumba, basi, Steelers wana saba.

Kuhusu Patriots wabishi hawatulii. Makombe sita kati ya 2002 na 2019, yote katika zama za kikomo cha mishahara kilichowekwa 1994 kusudi pasiwe na timu ya kutawala muda mrefu, na katika ligi ya timu zaidi ya thelathini ilhali Lambeau wa Packers na Halas wa Bears walishindana na timu kumi hivi. Hiyo ni hoja nzito. Upande wa pili kuna adhabu ya 2007 ya kurekodi ishara za wapinzani kwa video, na ile ya mipira iliyopungua upepo iliyomfungia Brady mechi nne mwaka 2016. Kisha Brady akahamia Tampa Bay akabeba kombe la saba, mtu mmoja akazipita timu zote.

Na hatujagusa timu zinazohama. Colts waliondoka Baltimore usiku wa Machi 1984 kwa malori, wakaenda Indianapolis na mataji yao. Browns walipohamishwa kwenda Baltimore baada ya msimu wa 1995, Cleveland walipigana wakabaki na jina, rangi na rekodi zote. Historia ya mmoja ilipakiwa kwenye lori na ya mwingine ikabaki mjini, na tofauti haikuwa kanuni, ilikuwa ni wanasheria na kelele za mashabiki.

Hukumu yangu ni hii. Zama bora kuliko zote ni za Patriots wa Belichick, wakifuatwa kwa karibu na Browns wa Graham. Lakini swali likiwa ni klabu iliyofanikiwa kuliko zote, taji ni taji tangu 1920, na jibu ni Green Bay Packers. Anayetaka kuwapita anahitaji 14. Bears, walio wa pili, wana 9, na la mwisho walilipata Januari 1986.